Muhuri wa Faragha Unamlinda Nani?

Waswahili tuna maneno mawili kwa jambo ambalo Waingereza hulitaja kwa neno moja. Kuna muhuri na kuna lakiri. Muhuri ni alama. Hugongwa juu ya karatasi kutangaza kwamba mwenye mamlaka ameiona na kuiridhia. Lakiri ni kinga. Hufungwa kwenye bahasha ya mitihani, kwenye mlango wa kontena linalotoka bandarini kwenda nchi jirani, kwenye mita ya umeme, na thamani yake yote imo katika kuvunjika kwake. Anayefungua alichokatazwa kufungua huacha ushahidi. Muhuri hauna uwezo huo. Ukishagongwa umegongwa, na yanayotendeka baada ya hapo hayauhusu.

Nimeanza na lugha kwa sababu ya swali nililoulizwa na mwanafunzi wa shahada ya uzamili mwishoni mwa semina. "Dokta," alisema, "tovuti ikiwa na ile nembo ya ulinzi wa faragha pale chini, si maana yake hawatatoa anwani yangu kwa watu wa matangazo?" Kipindi kilikuwa kimekwisha, nikamjibu kwa kifupi kwamba si lazima iwe hivyo. Swali lenyewe linastahili jibu refu zaidi, tena linastahili kujibiwa hadharani, kwa kuwa nchi zetu zimeingia katika zama za kutoa vyeti vya aina hii, nasi ni watu tunaopenda mihuri kupita kiasi. Barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa isiyo na muhuri si barua. Yenye muhuri, aghalabu yaliyomo hata hayasomwi.

Mihuri ya faragha ilizaliwa Marekani. Mwaka 1997, biashara ya mtandaoni ikiwa bado changa na wanunuzi wakiogopa kuandika majina yao katika fomu za tovuti, lilianzishwa shirika lisilolenga faida liitwalo TRUSTe. Miongoni mwa waasisi wake ilikuwa taasisi ya kutetea haki za watumiaji wa mtandao, Electronic Frontier Foundation. Wazo lilikuwa jema. Mwenye tovuti angeandika sera yake ya faragha, angejibu maswali ya kujitathmini, angelipa ada, na TRUSTe ikiridhika ingempa nembo ya kubandika kwenye kurasa zake. Serikali ya Marekani wakati huo ilipendelea wafanyabiashara wa mtandaoni wajisimamie wenyewe kuliko kutungiwa sheria, na muhuri ukawa hoja mkononi mwa wale waliosema kwamba sheria haihitajiki. Hili la mwisho msomaji alitunze, maana ndimo ilimojificha siasa ya jambo hili.

Muhuri ule ulithibitisha nini hasa? Yalikuwapo masharti ya chini, kama vile kumjulisha mtumiaji kinachokusanywa na kumpa nafasi ya kukataa baadhi ya matumizi. Lakini kiini chake kilikuwa kwamba kampuni inatenda kama sera yake yenyewe inavyosema. Kampuni iliyoandika katika aya ya kumi na saba, kwa maandishi madogo, kwamba itawapa "washirika wake teule" anwani za wateja, kisha ikawapa kweli, imetimiza ahadi. Muhuri wake uko salama, ila kisanduku chako cha barua pepe ndicho kinachofurika. Mwaka 2003 Joseph Turow wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania aliwauliza Wamarekani watumiao mtandao kuhusu jambo hili, na zaidi ya nusu waliamini kwamba tovuti ikiwa tu na sera ya faragha, basi haitawapa wengine taarifa zao. Kama kule kuwapo tu kwa sera kulisomeka kuwa ni ahadi ya ukimya, nembo juu ya sera ilisomeka kuwa ni kiapo.

Mipaka ya kiapo hicho ilionekana mapema. Mwaka 1999 ilibainika kwamba programu ya kuchezea muziki ya RealNetworks, kampuni iliyokuwa na muhuri wa TRUSTe, ilikuwa ikituma kimyakimya taarifa za nyimbo alizosikiliza mtumiaji. TRUSTe ilijibu kwamba jambo hilo liko nje ya leseni yake, kwa sababu muhuri ulihusu tovuti, na uchunguzi ulifanywa na programu iliyokwisha kusakinishwa nyumbani kwa mtu. Kisheria jibu lilikuwa sahihi. Mwenye nyumba aliyeambiwa na mlinzi kwamba mkataba wake ni wa geti tu, na mwizi alipitia dirishani, ataelewa usahihi wa namna hiyo.

Mwaka uliofuata ikafilisika Toysmart, duka la mtandaoni la vitu vya kuchezea watoto, nalo likiwa na muhuri. Sera yake iliahidi kwamba taarifa za wateja hazitatolewa kwa mtu mwingine kamwe. Wadai walipobisha hodi, orodha ya wateja ikatangazwa kuuzwa pamoja na mali nyingine. Kwa haki ni lazima niseme kwamba TRUSTe ilipinga mauzo hayo. Hata hivyo aliyelipeleka jambo mahakamani kwa nguvu ni Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, chombo cha serikali, na orodha ikateketezwa baada ya kampuni tanzu ya Disney, mwenye hisa nyingi katika duka lile, kulipa dola 50,000 ili iharibiwe. Aliyeshika rungu alikuwa serikali.

Kipimo kizito zaidi kilikuja mwaka 2006. Benjamin Edelman, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu pale Harvard, aliamua kuacha kubishana juu ya nia za watu na kupima matokeo. Alichukua orodha ya tovuti zenye muhuri wa TRUSTe akazilinganisha na matokeo ya SiteAdvisor, huduma iliyokuwa ikizipima tovuti kwa maelfu kwa mashine: ilijisajili katika kila tovuti kwa anwani ya barua pepe isiyotumika mahali pengine popote, ikasubiri kuona barua ngapi zitaingia, na pia ikapakua programu zilizotolewa ili kuona kama zina vidudu vya upelelezi. Katika tovuti zote zilizopimwa, asilimia 2.5 hazikuwa za kuaminika. Katika zile zenye muhuri, asilimia ilikuwa 5.4.

Msomaji arudie tarakimu hizo. Muhuri haukushindwa tu kupunguza hatari. Aliyechagua tovuti kwa sababu ina muhuri alikuwa anajiongezea uwezekano wa kuangukia mikononi mwa watu wabaya zaidi ya maradufu.

Inawezekanaje? Wachumi wanayo nadharia. George Akerlof, katika makala yake ya mwaka 1970 kuhusu soko la magari mabovu, iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001, alionyesha jinsi soko ambalo mnunuzi hawezi kutofautisha kizuri na kibaya linavyojaa vibaya. Lakini bibi zetu hawakuhitaji Nobel kulijua hili: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kampuni inayojulikana na kuaminiwa haina haja kubwa ya kulipia nembo. Anayeihitaji sana ni yule ambaye bila nembo hakuna atakayemwandikia jina lake. Kama mtoa muhuri ni mkali, watu wa aina hiyo watakwama mlangoni. Akiwa mlegevu watajaa ndani, na muhuri utageuka kuwa alama ya wenye shida ya kuaminika. Naye mtoa muhuri ana kila sababu ya kulegea, kwa kuwa chakula chake kinatoka kwa wale anaowakagua. Akimnyang'anya mteja nembo, anampoteza mlipaji. Edelman alipima pia muhuri mwingine, wa BBBOnLine, uliotolewa na jumuiya ya ofisi za biashara zenye matawi mijini, ambako waombaji walichunguzwa na watu waliowafahamu. Huko hakukuta kasoro hiyo. Kwa hiyo kilichooza kilikuwa mfumo wa mapato na ukaguzi. Wazo la kuthibitisha halikuwa na ubaya wenyewe.

Mwaka 2008 TRUSTe iliacha kuwa shirika lisilolenga faida ikawa kampuni ya biashara. Mwezi Novemba 2014 Tume ya Biashara ya Shirikisho ikaishitaki kwa udanganyifu. Iliwaambia watumiaji kwamba kila tovuti hukaguliwa upya kila mwaka, ilhali kati ya 2006 na Januari 2013 ukaguzi huo haukufanywa katika matukio zaidi ya 1,000. Isitoshe, baadhi ya wateja wake waliendelea kuinadi kwamba ni shirika lisilolenga faida miaka mingi baada ya kugeuka. Ililipa dola 200,000. Leo inaitwa TrustArc. Miaka minne kabla ya hapo Tume hiyo hiyo ilikuwa imeishughulikia ControlScan, iliyokuwa ikitoa nembo za faragha na usalama kwa ukaguzi mdogo au bila ukaguzi wowote. Nembo zake zilionyesha tarehe ya siku hiyo, kana kwamba kuna mtu aliyepita alfajiri kukagua. Kumbe iliyobadilika kila siku ilikuwa tarehe peke yake. Sijapata kuona mfano ulio bora zaidi wa muhuri uliotengana na kazi ya muhuri.

Hadi hapa nimechukulia kwamba barua taka hutoka kwenye tovuti tulizojisajili. Sehemu kubwa haitoki huko kabisa, na hapa muhuri unakuwa hauna la kusema hata ukiwa mwaminifu. Mwaka 2003 kituo cha Marekani kiitwacho Center for Democracy and Technology kilichapisha matokeo ya jaribio lake: kilitengeneza mamia ya anwani mpya, kikazitawanya mahali mbalimbali, kikazisubiri kwa miezi sita. Karibu barua taka zote ziliingia kwenye anwani zilizoandikwa waziwazi katika kurasa za wavuti, ambako programu za wavunaji hupita usiku na mchana zikizoa kila chenye alama ya @. Mvunaji hajasaini sera ya mtu. Hajui kama kuna muhuri.

Wahadhiri tunalifahamu hili kwa uchungu. Anwani zetu zimo katika kurasa za idara na chini ya kila makala tunayochapisha, kwa sababu lazima tupatikane. Hivyo haipiti asubuhi bila mimi kuitwa "Profesa Mheshimiwa" na jarida nisilolijua, likinisihi nipeleke makala ndani ya siku tatu, kuhusu magonjwa ya meno au kilimo cha uyoga, fani ambazo sina hata kitabu kimoja chake. Na tovuti za majarida hayo, msomaji, zimejaa mihuri. Zina nembo za faharasa zisizojulikana, na vipimo vya umaarufu vilivyotolewa na taasisi ambazo kazi yake pekee ni kutoa vipimo hivyo. Kizuri chajiuza.

Kwa anwani ninazozitoa mwenyewe nina desturi niliyoishika kwa miaka kadhaa. Gmail humruhusu mtu kuongeza alama ya kujumlisha na neno lolote baada ya jina lake, na barua bado itamfikia. Kwa hiyo kila tovuti ninayojisajili huipa anwani yenye jina la tovuti hiyo, na barua ya mgeni ikija, najua nani aliyemfungulia mlango. Mvunaji mjanja anaweza kulikata neno hilo, lakini wengi hawajisumbui. Anwani niliyowapa waandaaji wa kongamano moja la nje, ambao tovuti yao ilikuwa na nembo ya faragha yenye kung'aa, leo inapokea matangazo ya hoteli, bima za safari na mashine za kuchapisha. Anwani niliyompa muuza vitabu mmoja mdogo, asiye na nembo wala sera ya maana, haijapokea kitu zaidi ya stakabadhi zake. Huo si utafiti, na mwanafunzi akiniletea ushahidi wa namna hiyo katika tasnifu nitaurudisha. Ila unalingana na utafiti.

Tusidhani pia kwamba wale wa kongamano wamevunja sheria ya kwao. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 kuhusu barua taka, iliyoanza kutumika Januari 2004, humruhusu mfanyabiashara kukuandikia bila idhini yako hadi umwambie aache. Kosa linakuja pale ahadi inapovunjwa. Mwaka 2006 Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York wakati huo, Eliot Spitzer, aliibana kampuni ya Datran Media kwa kununua na kutumia anwani za mamilioni ya watu walioahidiwa kwamba taarifa zao hazitatolewa. Datran ililipa dola milioni 1.1. Mwezi huo huo aliishitaki Gratis Internet kwa madai ya kuuza taarifa za watu zaidi ya milioni saba. Katika kesi hizi ahadi iliyoandikwa ilikuwa na kazi: ilikuwa kamba ya kumfungia aliyeivunja. Huu ndio utetezi wa kweli wa sera na mihuri, nami naukubali. Kampuni isiyoahidi lolote ni vigumu kuishitaki kwa uongo. Lakini kamba haimfungi mtu yenyewe; ni lazima awepo wa kuivuta.

Ndiyo maana swali la yule mwanafunzi linatuhusu sisi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Sheria inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili kwenye Tume, na inampa mwananchi haki ya kukataa taarifa zake zitumike kwa matangazo ya biashara. Kenya ilitangulia kwa sheria ya mwaka 2019, na kanuni zake za usajili zilianza kutumika Julai 2022. Ni hatua kubwa. Hofu yangu ni kuhusu kile kitakachofanywa na cheti cha usajili. Cheti hicho kinasema kwamba taasisi fulani imejiandikisha. Hakisemi kwamba imekaguliwa ikakutwa safi. Lakini katika jamii yenye imani yetu juu ya mihuri, cheti kikishaning'inizwa kwenye ukuta wa mapokezi au chini ya tovuti, kitasomwa kama dhamana ya serikali, na wa kwanza kukining'iniza kwa maandishi makubwa hawatakuwa wale tunaowaamini tayari.

Wazungu wa Ulaya wameliona hili. Kanuni yao kuu ya ulinzi wa data, inayotumika tangu Mei 2018, inaruhusu mihuri na vyeti, lakini inasema waziwazi kwamba cheti hakipunguzi wajibu wa aliye nacho, na kwamba hakiwezi kudumu zaidi ya miaka mitatu bila kuhuishwa. Jirani zetu nao wameonyesha upande wa rungu. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza kampuni ya mikopo ya kidijitali ya Mulla Pride shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kwa wengine na kuwaandama kwa simu na ujumbe wa vitisho. Nani ajuaye ni nembo ngapi zingehitajika ili kufanya kazi ya faini ile moja?

Kwetu uvujaji mkubwa hauko hata kwenye barua pepe, uko kwenye namba ya simu. Tunaiandika katika daftari la mlinzi getini, katika kitabu cha wageni cha nyumba ya kulala, kwa wakala wa fedha, katika karatasi ya mahudhurio ya kila warsha. Daftari hilo hulala wazi mezani, na kila anayeandika husoma walioandika kabla yake. Kisha tunashangaa kupokea ule ujumbe ambao kila Mtanzania anaufahamu, wa kutuma ile hela kwenye namba hii. Mwenye daftari naye anaweza kusajiliwa na Tume na kupewa cheti cha halali kabisa.

Ningependa Tume yetu ichapishe, pamoja na orodha ya waliosajiliwa, orodha ya malalamiko yaliyothibitishwa dhidi yao, mahali pamoja, kwa Kiswahili. Ningependa cheti chenyewe kiandikwe kwa maneno yasiyopungua ukubwa wa nembo kwamba ni uthibitisho wa usajili na si wa mwenendo. Na ningependa ikopi njia ya SiteAdvisor, ambayo haihitaji bajeti ya mabilioni: anwani na namba mpya, kila moja ikipewa taasisi moja tu, kisha subira. Anwani iliyotolewa mahali pamoja tu ndiyo lakiri pekee ninayoijua katika ulimwengu huu wa kidijitali. Ikiguswa, inasema ni nani aliyeigusa.

Yule mwanafunzi ameamua kulifanya hilo kuwa pendekezo lake la tasnifu. Tumekubaliana aanze na taasisi arobaini, nusu zikiwa na cheti au nembo na nusu hazina, na tayari ametengeneza anwani za kwanza. Namba za simu ndizo zinazotupa shida, kwa kuwa kila laini sharti isajiliwe kwa alama za vidole, na vidole vyake ni kumi tu.